Seva ina RAID, lakini data zako ziko salama kiasi gani?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuna maneno yanayosikika kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea: "sistimu iko chini." Mkulima anasubiri malipo yake, karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hana cha kumwonyesha, na kwenye dirisha la hospitali mgonjwa anaambiwa akae kwanza mpaka faili lake lifunguke. Halafu hutoka kauli ya kutuliza watu: "Msiwe na wasiwasi, data zipo, seva yetu ina RAID." Wakubwa wa ofisi wakisikia hivyo hushusha pumzi. Kauli hiyo ina ukweli, ila ukweli wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, na kwenye sehemu iliyobaki ndipo kumbukumbu za watu zinapopotelea.

Tuanze na majina. Seva ni kompyuta kama nyingine, isipokuwa kazi yake ni kuhudumia kompyuta nyingi kwa pamoja, na haizimwi jioni watu wanaporudi nyumbani. Ndani yake kuna diski, kifaa kinachotunza data hata umeme ukiondoka. Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka na mkono mwembamba unaosoma juu yake. SSD haina kinachozunguka, inatunza data kwenye chipu. RAID, ambayo mafundi huitamka "reidi", ni utaratibu wa kuunganisha diski kadhaa ili kompyuta izione kama diski moja. Muunganiko huo unasimamiwa na kadi maalumu iitwayo kontrola, au na programu iliyomo ndani ya seva yenyewe. Na bakapu, ambayo vitabuni huitwa nakala rudufu, ni nakala ya data iliyokaa mbali na data yenyewe, unayoweza kuirudia kesho hata kama leo kila kitu kimeharibika.

RAID na bakapu ni vitu viwili. Mengi ya matatizo ninayoyaeleza hapa chini yanaanzia kwa mtu aliyedhani ni kitu kimoja.

Wazo la RAID lilipata jina lake mwaka 1988, pale David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipowasilisha andiko lao mjini Chicago. Hoja yao ilikuwa ya pesa. Diski za mitambo mikubwa ya enzi zile ziliuzwa kwa bei kubwa mno, wakati diski ndogo za kompyuta za mezani bei ilikuwa inashuka. Basi kwa nini usikusanye ndogo nyingi zifanye kazi ya moja kubwa? Tatizo waliliona wenyewe: ukiwa na diski nyingi, siku ya mojawapo kufa inakuja mapema zaidi. Kwa hiyo ndani ya wazo lilelile waliweka njia za kuvumilia kifo cha diski. Waliorodhesha namna tano za kuunganisha diski, wakaziita ngazi ya 1 hadi ya 5. Ngazi ya 0 na ya 6 ziliongezwa baadaye.

Jumla iliyo chini ya ukurasa

Ngazi rahisi tuzipite haraka. RAID 0 inakata data vipande na kuvigawa kwenye diski zote, ili zote zisome na kuandika kwa pamoja. Kasi inapanda, ulinzi haupo kabisa: diski moja ikifa, data zote zimekwenda. Seva ya ofisi haistahili kuwekewa RAID 0 kwa namna yoyote. RAID 1 inaandika kitu kilekile kwenye diski mbili. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. RAID 10 inachukua jozi za namna hiyo, kisha inagawa vipande vya data kati ya jozi na jozi.

RAID 5 ndiyo inayowachanganya wengi, na hapa leja ya AMCOS inafaa sana. Siku ya kupima, wakulima watatu wameleta mzigo: kilo 412, kilo 380 na kilo 505. Karani anaandika jumla chini ya ukurasa: 1,297. Usiku panya anatafuna katikati ya ukurasa, na namba ya mkulima wa pili haisomeki. Hakuna aliyedhulumiwa: 1,297 toa 412, toa 505, inabaki 380. Jumla imemrudishia mkulima haki yake bila mtu yeyote kuwa na nakala ya namba ile. Lakini panya akila namba mbili, jumla peke yake haiwezi kukuambia ipi ilikuwa ipi.

RAID 5 inafanya hivyohivyo. Data zinagawanywa kwenye diski, kisha inapigwa hesabu ya ziada iitwayo pariti, nayo inaandikwa pia. Kompyuta haijumlishi kilo: data zake zote ni 0 na 1, kwa hiyo inaangalia tu kama idadi ya tarakimu 1 kwenye nafasi fulani ni shufwa au witiri. Diski tatu zina 1, 0 na 1: moja ziko mbili, idadi ni shufwa, pariti ni 0. Ukipoteza ile ya katikati, unaona zilizobaki zina moja mbili na pariti inasema shufwa, basi iliyopotea lazima ilikuwa 0. Pariti haikai kwenye diski moja tu. Inazungushwa kwenye zote ili pasiwe na diski inayobeba mzigo wa kuandika peke yake. RAID 6 inaweka hesabu mbili zinazopigwa kwa kanuni tofauti, kwa hiyo diski mbili zinaweza kufa na data zikapatikana.

Kila ulinzi unakula nafasi. Ukinunua diski nne za TB 4, RAID 0 inakupa TB 16, RAID 5 inakupa TB 12, RAID 6 na RAID 10 zinakupa TB 8. Muuzaji anayekuandikia "TB 16" kwenye ankara hajakudanganya, ila hizo sizo utakazotumia. Mwambie aandike nafasi itakayobaki baada ya RAID, na aandike ni ngazi gani.

Kwa nini kuandika ni kugumu kuliko kusoma

Turudi kwenye leja. Mzani umekaguliwa upya, na mzigo wa mkulima wa pili umeonekana ni kilo 395, wala si 380. Karani hawezi kubadilisha namba moja akaondoka. Anasoma namba ya zamani, anasoma jumla ya zamani, anaandika namba mpya, anaandika jumla mpya, 1,312. Badiliko moja limezaa kazi nne. RAID 5 inalipa gharama hiyohiyo kila rekodi ndogo inapobadilishwa: kusoma mara mbili, kuandika mara mbili. RAID 6 ina hesabu mbili za kurekebisha, kwa hiyo kazi ni sita. RAID 1 na RAID 10 zinaandika mara mbili tu, basi.

Sasa weka namba halisi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 8.3. Kwa wastani mkono unasubiri nusu ya mzunguko ili data ipite chini yake, na kabla ya hapo umetumia milisekunde nyingine 8 hivi kuhama kutoka sehemu moja ya sahani hadi nyingine. Ukijumlisha, diski moja inafanya kazi ndogondogo za hapa na pale kama 80 kwa sekunde. Diski nne ni 320. Kwa maandishi madogo, RAID 10 inakuachia 160, RAID 5 inakuachia 80, na RAID 6 zinabaki kama 53. Yaani seva ya diski nne zenye RAID 5, ikiwa inaandika rekodi ndogo tu, haina mbio kuliko diski moja peke yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali linaloulizwa ofisi nyingi: mbona seva ni mpya na bado inakwama makarani wakianza kuingiza risiti wote kwa pamoja? Kwa kusoma iko vizuri. Kwa kuandika, ngazi ya RAID iliyochaguliwa ili kuokoa nafasi ndiyo inayoibana. Ushauri wangu uko wazi: kanzidata inayoandikwa kutwa, kama ya malipo, mizigo ya ghalani au wagonjwa, iwekwe kwenye RAID 10 au kwenye jozi ya SSD, ambazo zinafanya makumi ya maelfu ya kazi ndogo kwa sekunde. Video za kamera za ulinzi na nyaraka zilizoskaniwa, ambazo huandikwa mara moja kwa mfululizo mrefu, zinakaa vizuri kabisa kwenye RAID 6.

Umeme ukikatika katikati ya kazi nne

Umeme ukikatika karani akiwa ameshaandika 395 lakini jumla bado ni 1,297, leja inabaki inajipinga yenyewe, na hakuna anayejua. Ubaya hautaonekana kesho. Utaonekana siku diski nyingine itakapokufa na RAID ikaitumia jumla ile mbovu kukokotoa kilichopotea. Itakupa namba, na namba itakuwa ya uongo.

Hatari hii ni ya kweli kwenye RAID 5 na RAID 6, na kontrola nzuri zinaizuia kwa kashe yenye betri. Kashe ni kumbukumbu ya muda ndani ya kontrola. Seva ikileta data, kontrola inazipokea kwenye kashe, inajibu "nimepokea," kisha inaziandika kwenye diski kwa mpangilio mzuri. Kasi inapanda mno. Umeme ukiondoka, betri inazihifadhi zile zilizokuwa bado kwenye kashe, au kontrola ya kisasa inazihamishia kwenye chipu isiyohitaji umeme.

Betri ile inazeeka kama betri yoyote, na joto linaizeesha mapema. Ikichoka, kontrola inaacha yenyewe kutumia kashe kwa kuandika: inasubiri kila kitu kifike kwenye diski kwanza ndipo ijibu. Ni uamuzi wa usalama, na ni sahihi. Wanachokiona watumiaji ni kwamba seva iliyokuwa nzuri jana leo imekuwa nzito, na hakuna kilichobadilishwa. Nimeona ofisi ikipanga kununua seva mpya kwa tatizo hili, wakati kilichohitajika ni betri ndogo ya kontrola. Kabla ya kununua chochote, fundi afungue ukurasa wa kontrola asome hali ya betri.

Kuna na njia ya mkato ambayo inanitia hofu zaidi. Fundi anaambiwa seva ni nzito, anaingia kwenye mipangilio, anailazimisha kontrola iendelee kutumia kashe hata kama betri imekufa. Kasi inarudi, watu wanampongeza. Kisha umeme unakatika siku ya mnada na kila kilichokuwa kwenye kashe kinatoweka, ingawa mfumo ulikwisha waambia watu kwamba kimehifadhiwa. UPS, kifaa chenye betri kinachoipa seva umeme kwa muda mfupi umeme ukikatika, inapunguza hatari hii lakini haiiondoi, maana nayo ina betri inayochoka, na waya wa kuiunganisha na seva ili seva ijizime taratibu umeme ukiisha mara nyingi umebaki kwenye boksi. Waya huo uchomekwe, programu yake iwekwe, na ijaribiwe kwa kuzima swichi ya ukutani jioni watu wakiwa wameondoka.

Zipo RAID za programu zinazoepuka tatizo hili kwa njia nyingine. ZFS, iliyotengenezwa na Sun Microsystems, haiandiki juu ya data za zamani. Inaandika pembeni, ikimaliza ndipo inahamisha kielekezo, yaani alama inayoonyesha data ziko wapi. Pia inatunza namba ya uhakiki kwa kila kipande, hivyo inagundua data iliyoharibika kimyakimya. Wengi bado wanaamini RAID ya programu ni ya kimaskini na ya kadi ndiyo ya kweli. Hilo lilikuwa na maana zamani prosesa zilipokuwa dhaifu. Kwetu huku ina faida ambayo haisemwi vya kutosha: seva ikifa, diski unazihamishia kwenye kompyuta nyingine yenye programu ileile na data zinasomeka. Kadi ya kontrola ikifa, kwa kawaida unahitaji kadi ya familia ileile, na hiyo haiuzwi madukani Mtwara.

Saa za kujenga upya

Diski ikifa, unaweka mpya, na RAID inaanza kuijaza kwa kusoma zote zilizobaki. Mafundi huita kujenga upya. Diski ya TB 8 ikiandikwa kwa MB 200 kwa sekunde bila kupumzika inahitaji saa 11. Seva ikiwa kazini inachukua siku nzima au zaidi, na muda wote huo RAID 5 haina akiba: diski ya pili ikifa, kwaheri. Na hizo zilizobaki zilinunuliwa siku moja, mara nyingi zikatoka kiwandani pamoja, zimezunguka saa sawa kwenye joto lilelile, na sasa zinasomwa zote mfululizo kuliko siku zote za maisha yao.

Kuna hesabu nyingine. Diski nyingi za kompyuta za mezani zimeandikwa kwamba zinaweza kushindwa kusoma biti moja, yaani 0 au 1 moja, kwa kila biti trilioni 100, ambazo ni kama TB 12.5. RAID 5 ya diski nne za TB 8 inahitaji kusoma TB 24 ili kuijenga ile ya nne. Kwa vitendo diski hufanya vizuri kuliko maandishi hayo, lakini huo si msingi wa kutundikia malipo ya wakulima. Diski za daraja la seva huandikwa kiwango bora mara kumi, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake. Sababu nyingine ni uvumilivu: diski ya mezani ikikutana na sehemu mbovu inaweza kung'ang'ana kuisoma kwa muda mrefu, kontrola ikachoka kusubiri na kuitangaza imekufa. Ya seva hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kuiachia RAID ikokotoe.

Kwa diski za ukubwa wa sasa, mimi sikubaliani na RAID 5. RAID 6 au RAID 10, na kontrola iwekwe kwenye ratiba ya kukagua diski nzima kila mwezi, ili sehemu mbovu zigunduliwe wakati diski nyingine zote ziko hai.

Diski zenyewe hutoa dalili. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kuwa diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Lakini utafiti huohuo ulikuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja kati ya dalili nne zenye nguvu. Kwa hiyo diski iliyoonya ibadilishwe, na iliyonyamaza isiaminiwe kwa sababu tu imenyamaza.

Hii inatuleta kwenye diski ya akiba. Kwetu, diski ya seva inaagizwa Dar es Salaam, inapakiwa kwenye basi, na inasafiri zaidi ya kilomita 500. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata barabara hiyo eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakaa siku kadhaa hayapiti. Diski ikifa wiki kama ile na huna ya akiba kabatini, seva inaendelea bila ulinzi mpaka barabara ifunguke. Ukinunua seva yenye diski nne, nunua tano.

Mambo ambayo RAID haiyaoni

RAID inajua jambo moja: diski imekufa au iko hai. Mtu akifuta faili kwa makosa, RAID 1 inalifuta kwenye diski zote mbili kwa uaminifu uleule. Programu ya wahalifu inayofunga data kwa siri na kudai fidia ikiingia, RAID 6 inahifadhi kwa usalama mkubwa data zilizokwisha fungwa. Seva ikiibwa, diski zote zimeondoka pamoja.

Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab akiwa kazini usiku alifuta folda ya kanzidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Kati ya takriban GB 300 zilibaki GB 4.5. Njia tano za bakapu walizozitegemea, hakuna iliyofanya kazi ilivyotakiwa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa takriban saa 6 kabla. Machi 10, 2021, jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao moja kwa moja. Hizo ni kampuni zenye wataalamu wa kutosha na vifaa vizuri kuliko ofisi zetu nyingi.

Kanuni inayofundishwa ni tatu, mbili, moja: nakala tatu za data, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Mahali pengine si chumba cha jirani. Kwa ofisi ya Mtwara mjini inaweza kuwa tawi la Masasi, au seva ya kukodi nje ya mkoa. Wengi hukwama kwenye intaneti: GB 500 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku 4 bila kukatika. Suluhisho ni kupeleka nakala ya kwanza kwa diski ya mkononi, iliyofungwa kwa nywila, kisha kila usiku yatumwe mabadiliko ya siku hiyo tu. Na nakala moja iwe haijachomekwa popote. Mei 12, 2024, siku chache tu baada ya Hidaya, nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Aliyekuwa na nakala mtandaoni pekee alikuwa anaijua iko wapi bila kuweza kuifikia.

Bakapu ijaribiwe. Chagua siku ya wiki iliyopita, irudishe kwenye kompyuta nyingine, fungua risiti kadhaa na ulinganishe kilo na zile za kwenye karatasi. Ujumbe wa "bakapu imekamilika" unathibitisha kwamba programu ilifika mwisho wa kazi yake, hauthibitishi kwamba data zinafunguka.

Kuongeza kasi bila kuhatarisha data

Kabla ya kugusa RAID, pima. Angalia kazi zinazosubiri kwenye diski na muda zinaosubiri. Mara nyingi diski haina kosa: RAM, kumbukumbu ya haraka ambayo seva inafanyia kazi, ni ndogo na seva inatumia diski badala yake, au kanzidata haina faharasa na inasoma jedwali zima kutafuta mkulima mmoja. RAM ya ziada ni nafuu kuliko kubadilisha ngazi ya RAID, na haihatarishi chochote.

Ukikuta diski ndizo zinazobana, angalia ukubwa wa kipande, yaani kiasi cha data kinachoandikwa kwenye diski moja kabla ya kuhamia nyingine. Kipande kikiwa kidogo mno, rekodi moja inaangukia kwenye diski mbili na mikono yote miwili inahama kwa ajili yake. KB 64 hadi 256 zinafaa kanzidata nyingi. Faili kubwa za mfululizo zinapenda vipande vikubwa zaidi. Ukubwa huu unachaguliwa mwanzoni, kuubadilisha baadaye ni kazi nzito, kwa hiyo uamuliwe kabla data hazijaingia. Kama seva ni ya zamani, hakikisha pia sehemu ambazo diski imegawanywa (partisheni) zinaanza MB 1 kutoka mwanzo wa diski. Programu za zamani zilianzia sekta ya 63, na hapo kila andiko linagawanyika vibaya.

Taa ya rangi ya chungwa

Mbele ya seva, kila diski ina taa ndogo. Kijani ni nzuri. Ya chungwa inayowaka au kuwaka na kuzima maana yake diski imekufa au inakaribia, na kwa kuwa seva inaendelea kufanya kazi, hakuna anayeulizia. Kuna ofisi taa hiyo imewaka miezi mingi, imezibwa na faili zilizoegemezwa kwenye kabati la seva. Kontrola iwekewe barua pepe ya kutoa taarifa, na awepo mtu mwenye jina ambaye kazi yake ni kuitazama taa kila Jumatatu.

Siku ya kubadilisha, usiharakishe. Seva nyingi zinahesabu nafasi za diski kuanzia 0, kwa hiyo "diski namba 2" ni ya tatu kutoka mwanzo. Kuna RAID 5 zilizouliwa na mtu aliyechomoa diski nzima na kuiacha iliyokufa mahali pake. Tumia programu ya kontrola kuiwasha taa ya diski husika, linganisha na namba ya kiwandani iliyoandikwa kwenye lebo, ndipo uchomoe.

Ikitokea diski mbili zimekufa kwenye RAID 5, zima seva. Usijaribu kuzibadilisha nafasi, na kontrola ikiuliza kama ifute usanidi, yaani mpangilio wa RAID, iliouona kwenye diski au ianze upya, jibu ni hapana. Andika namba ya nafasi juu ya kila diski kwa kalamu isiyofutika. Mara nyingi moja kati ya hizo mbili ilikatika tu mawasiliano, na data zinaweza kuokolewa na mtaalamu ikiwa hakuna aliyeandika juu yake.

Diski iliyotolewa nayo ina data. Ile ya RAID 1 imebeba kila kitu, majina, namba za simu, akaunti za benki, na nyingi zinazoitwa zimekufa bado zinasomeka zikichomekwa kwenye kompyuta nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na diski iliyotupwa jalalani au kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu haijalindwa. Kama diski bado inawaka, ifutwe kwa programu inayoandika juu ya data zote. Kama haiwaki, toboa sahani zake kwa drili sehemu kadhaa. SSD haina sahani, chipu zake zote zinapondwa, moja baada ya nyingine, mbele ya mtu wa pili anayesaini kwamba ameona.